Bibi Msumeno wa Ghorofa ya Pili

Ewald Gronostay hakuwa na bustani tena. Hakuwa na lile banda la mbao lenye vyumba kumi na viwili alilolijenga kwa mikono yake nyuma ya mgodi uliofungwa, kwa sababu manispaa ilikuwa imechukua bustani zote za pale ipitishe barabara. Hakuwa na mke. Trude alikuwa kaburini mwaka wa tatu sasa. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na chama, kwa maana Chama cha Wafugaji Sungura cha mtaa kilikuwa kimevunjika, na bendera yake ya hariri ilikuwa imekunjwa kwenye droo ya makumbusho ya mji. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu Jumapili. Na hakuwa na desturi ya kuomba. Alikuwa amefika miaka sabini na saba bila kumwomba jirani hata chumvi, na jambo hilo alilihesabu kuwa sifa.

Alivyokuwa navyo ni rafu ya vikombe, nyumba ya chumba kimoja na jiko katika ghorofa ya pili, na sungura jike mmoja.

Sungura huyo alikuwa wa aina ya Buluu ya Vienna, mkubwa, mzito, manyoya yake rangi ya moshi wa makaa ya mawe asubuhi ya baridi. Alikuwa wa mwisho kubaki mikononi mwa Ewald, wa ukoo alioupandisha kwa miaka arobaini. Katika sikio la kushoto alichanjwa namba kwa wino, kama sungura wote wa chama, lakini jina hakuwa nalo. Mfugaji wa maonyesho hampi sungura jina. Trude ndiye aliyekuwa akiwapa majina kwa siri, na siku ya kuchinja akajifungia chumbani na kuwasha redio kwa sauti kubwa.

Bustani ilipochukuliwa, Ewald alimleta sungura nyumbani ndani ya boksi la kusafiria, akamweka jikoni. Kizimba alichompa kilikuwa kizimba cha maonyesho cha chama, cha waya wa chuma. Chama kilipovunjika na vizimba vyake kugawanywa, yeye alipata viwili. Ni kizimba ambamo sungura hukaa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, jaji apite na kutoa alama, kisha arudi bandani kwake. Lakini kilikuwa safi, kilikuwa imara, na Ewald alikuwa ameona sungura elfu nzima ndani ya vizimba kama hivyo. Akakiegemeza kwenye bomba la kupasha nyumba joto, sungura asipate baridi.

Wiki ya kwanza sungura alitulia. Wiki ya pili akaanza kuguguna vyuma.

Alishika waya kwa meno ya mbele, akauvuta kwa shingo, akauachia. Krrr-teng. Akaushika tena. Krrr-teng. Ewald alisimama na kijiko cha supu mkononi, akamtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. Miaka arobaini, na hakuwahi kuona kitu kama hiki. Baadaye tu ndipo alipofikiri vizuri: katika banda la mbao sungura waliguguna ubao, na ubao haulii. Huenda miaka yote ile waliguguna, na yeye akabadilisha mbao kila masika bila kujiuliza lolote.

Sasa, kuna jambo moja la kusema kuhusu nyumba ile. Kwenye ukuta wa chini, karibu na masanduku ya barua, kulikuwa na tangazo lililopigwa taipu na kufunikwa kwa karatasi ya nailoni. Lilisema kimya cha mchana ni kuanzia saa saba hadi saa tisa. Lilisema hakuna mpira uani, hakuna kupigilia misumari, hakuna kigari cha mtoto kwenye ukumbi, hakuna kukaa ngazini. Chini yake palikuwa na sahihi: E. Gronostay. Hakuna aliyemchagua. Alilibandika mwenyewe mwaka aliohamia, na kila mwaka alibadilisha karatasi ikianza kuwa ya manjano. Wapangaji wenzake walimwita Bwana Kimya.

Kwa hiyo siku Bi Nurten Akbulut wa ghorofa ya kwanza alipopanda kugonga mlango wake, alipanda kwa raha, hatua kwa hatua.

"Habari za mchana, Bwana Gronostay. Saa ngapi sasa?"

"Saa saba na nusu."

"Saa saba na nusu. Na pale chini, kwenye ukuta, kumeandikwa nini?"

Ewald aligeuka kutazama jikoni.

"Usijali, nitakusomea. Nalijua tangazo lako kwa moyo kuliko sala zangu." Alikunja mikono. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, na nywele zake zilikuwa bado na unga kidogo juu ya sikio. "Unakata nini humu ndani? Sauti inashuka na bomba mpaka kitandani kwangu. Nimejiambia, mzee wa watu amechoka kukaa, sasa anaunda meli jikoni."

"Ni sungura."

"Sungura?"

"Anaguguna kizimba."

Bi Akbulut alinyoosha shingo, akaona. Sungura alikuwa ameuma waya, macho yakimtazama yeye moja kwa moja, na hakuacha kwa sababu ya mgeni. Krrr-teng.

"Haya," alisema Bi Akbulut, "nimekutana na Bibi Msumeno mwenyewe. Mwambie hivi: mimi naamka saa nane usiku kwenda kuoka mikate, hiyo hiyo ambayo wewe unaila asubuhi na kusema haijaiva. Narudi adhuhuri. Nina saa mbili za kulala, hizo hizo ulizoniandikia ukutani. Wanangu walikua katika nyumba hii bila kupiga mpira hata mara moja, kwa ajili ya saa zako mbili. Kwa hiyo mwezi huu ukiisha naye bado anakata chuma, nitaandika barua kwa ofisi ya nyumba. Masharti ni yako, Bwana Gronostay. Mimi nayafuata tu."

"Una haki," alisema Ewald.

Bi Akbulut alikuwa amejitayarisha kwa ugomvi, na jibu hilo lilimharibia. Akashuka.

Ofisi ya nyumba ikipata barua, ingemwondoa sungura. Hilo Ewald alilijua, maana yeye mwenyewe aliwahi kuandika barua za namna hiyo na zikafanya kazi. Lakini kilichomtia hofu zaidi ni jambo alilolikuta jioni, alipomgeuza sungura chali mapajani na kumfungua mdomo. Jino moja la juu lilikuwa limepasuka ncha. Meno ya sungura huota maisha yote, na yakipinda hayakutani tena. Alishaona sungura waliokufa njaa mbele ya bakuli lililojaa.

Akaanza kazi. Alisogeza kizimba mbali na bomba, na kwa Bi Akbulut sauti ikapungua lakini haikwisha. Alipaka waya maji ya limau. Sungura alipiga chafya mara moja, akayalamba yote, akaendelea. Alizungushia waya vitambaa. Sungura alivivuta ndani kimoja kimoja, na Ewald akatumia saa nzima kumnyang'anya nyuzi asizimeze. Alikwenda hadi ukingo wa mfereji kukata matawi ya mhazeli, na mzee mmoja wa kanisani akampa matawi ya mtofaa. Sungura aliyamenya magome mpaka yakawa meupe kama mifupa, kwa furaha kabisa, kisha akarudi kwenye vyuma.

Katikati ya majaribio hayo, kila sauti ilipoanza, Ewald alikwenda. Hasa mchana. Saa saba ikigonga, nyumba nzima ikinyamaza, naye akijilaza kwenye kochi na kufunga macho, basi krrr-teng, na yeye alikuwa amesimama kabla ya teng ya pili. Alimpelekea ukoko wa mkate mkavu. Alimpelekea jani la mchunga, kipande cha karoti, ganda la tofaa. Alimkuna kati ya masikio. Alisema, "Nyamaza, wewe, ni mchana." Na sungura alinyamaza, akala, mpaka Ewald alipojilaza tena.

Siku moja alivua viatu, akatoka jikoni, akafunga mlango, akasimama nyuma yake na soksi bila kupumua.

Krrr-teng. Kisha kimya kifupi, kama cha mtu anayesikiliza. Krrr-teng. Kimya. Ewald alisogeza mguu mmoja ubao ukalia, na papo hapo sauti ikakoma. Alipofungua mlango, sungura alikuwa ameketi ndani ya kizimba, upande wa mbele, pua juu, akitazama mkono wake kuona umeshika nini.

Ewald aliketi kwenye kiti cha jikoni.

Alikuwa mtu wa kujisomea. Ujana wake wote, baada ya zamu mgodini, alikwenda shule ya jioni na vumbi la makaa bado kwenye kope, na huko alijifunza kupanga jambo hatua kwa hatua. Akalipanga hili. Sungura huyu haumi chuma kwa njaa. Anaita. Na kila anapoita, mimi naja, tena naja na zawadi mkononi. Na saa ninayokuja haraka kuliko zote ni saa ya kimya cha mchana, kwa sababu ya tangazo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nimemfundisha hata saa ya kuita.

Dawa basi ilikuwa wazi: asimwendee. Sungura agugune mpaka ajue kwamba kuguguna hakuleti mtu. Mwanzoni angezidisha, kwa siku kadhaa angezidisha sana, kisha angeacha. Lakini ili Ewald amwache agugune, ilibidi mtu wa chini akubali kusikia. Na ili mtu wa chini akubali, ilibidi aombwe.

Alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu alivaa koti lake la kwendea maonyesho, akashuka ghorofa moja, akabonyeza kengele ya Akbulut.

"Nani amekufa?" Bi Akbulut aliuliza alipoona koti.

"Hakuna. Nimekuja..." Ewald alikohoa. "Nimekuja kukuomba kitu."

Bi Akbulut aliegemea mlango. "Subiri. Sema tena, polepole. Nataka niwahadithie wanangu."

"Nakuomba wiki mbili. Nikimnyamazisha kila anapoguguna, hataacha kamwe. Inabidi nimwache. Kutakuwa na kelele. Mchana pia."

"Mchana pia. Katika kimya chako."

"Katika kimya changu."

"Na nikikataa?"

"Basi una haki ya kukataa," alisema Ewald, na uso wake ulikuwa mwekundu mpaka kwenye masikio.

Bi Akbulut alilitazama tena lile koti. Nyuma yake, sufuria ilikuwa ikichemka na harufu ya kitunguu ikajaa ngazini.

"Sikiliza, Bwana Kimya. Nitaziba masikio kwa pamba. Wiki mbili. Lakini wewe hutaweza. Ukiwa ndani utamkimbilia, nakujua; wewe kelele ya mtu akikunja gazeti inakuinua kitini. Itabidi utoke humo."

"Niende wapi mchana?"

"Sasa hilo," alisema Bi Akbulut, "uliza tangazo lako."

Alingoja kidogo, labda aseme kitu kingine. Labda alikuwa anangoja yeye Ewald aseme. Kisha sufuria ikafurika, akakimbilia jikoni, na Ewald akauvuta mlango wa jirani ukafungika taratibu, akapanda kwake.

Kesho yake, ilipofika saa saba, alimpa sungura nyasi kavu za kutosha, akatoka nje ya nyumba yake, akafunga mlango. Mvua ya Novemba ilikuwa inanyesha, uani hakukaliki. Akaketi ngazini, kwenye ngazi ya tatu kutoka juu, juu ya gazeti lililokunjwa.

Ilianza mara moja. Krrr-teng, krrr-teng, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuisikia. Alishika magoti yake. Akaanza kuhesabu, kama alivyokuwa akihesabu chini mgodini kizimba cha wachimbaji kilipokuwa kikishuka gizani, akaacha kuhesabu. Mlango wa chini ukafunguliwa na Bi Stahmer wa ghorofa ya juu akapanda, mtoto akiwa amelala begani. Alisimama.

"Bwana Gronostay. Kukaa ngazini ni marufuku."

"Najua. Niliandika mwenyewe."

"Umejifungia nje?"

"Hapana. Namwachisha sungura."

Bi Stahmer alisikiliza ile sauti, akamtazama mzee na gazeti lake, akaamua kutouliza. Ewald alijibana ukutani ampishe. Mguu wa mtoto, wenye soksi moja tu, ulimgusa begani ukipita, na kwa muda mrefu baadaye alihisi mahali pale palipoguswa.

Siku nne sauti ilizidi. Siku ya tano ilikuwa vile vile. Wiki ya pili ikaanza kukatikakatika: krrr, kisha kimya kirefu, kisha krrr moja ya uvivu. Ewald, ngazini, alijikuta anaisubiri hiyo moja. Kisha ikaja siku ambayo alikaa kutoka saa saba hadi saa tisa na hakusikia kitu ila maji ya mvua kwenye mfereji wa paa. Akasimama, magoti yakilia, akakunja gazeti. Alikuwa ameshinda. Alitaka kumwambia mtu. Alitazama mlango wa Stahmer juu, na mlango wa Akbulut chini, na yote ilikuwa imefungwa kwa kimya cha mchana.

Ndani, sungura alikuwa ameketi pembeni mwa kizimba, uso wake umeelekea kona. Nyasi hazikuguswa sana. Ewald alifungua mlango wa kizimba, akauacha wazi. Alitandika zulia la zamani jikoni kote, akamwekea matawi, akamwekea sanduku la kuingia na kujificha. Alipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo, na alijua. Sungura alitoka, akazunguka jiko mara moja kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, akarudi kizimbani, akageukia kona.

Alimpa jani la mchunga bila kuitwa. Alilila. Hakuinua pua kutazama mkono.

Ewald aliketi sakafuni karibu naye mchana mzima, jambo gumu kwa mtu wa magoti yale. Alimsimulia habari za gazeti. Alimsimulia juu ya barabara mpya. Sungura aligeuza sikio moja, lile lenye namba, kisha akalirudisha. Jikoni palikuwa kimya, na Ewald alikitambua kimya hicho. Ndicho kile kile kilichokuwamo katika nyumba hii kabla hajamleta sungura.

Siku ya tatu Bi Akbulut aligonga. Alikuwa bado na aproni ya kazini, na mkononi ana ncha ya mkate ndani ya karatasi.

"Amekufa?"

"Hapana."

"Siku tatu simsikii. Nimelala kama jiwe, nikaamka nimekasirika, sijui kwa nini. Nikasema nipande nione." Aliingia bila kukaribishwa. Katika miaka kumi na moja ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kizingiti kile, na wote wawili walijifanya hawakuona. Akainama mbele ya kizimba kilichokuwa wazi. "We, Bibi Msumeno. Umestaafu?"

Sungura hakugeuka.

Bi Akbulut alibaki ameinama. Aliposema tena, sauti yake haikuwa na mzaha.

"Mama yangu alikaa hivi. Tulipomleta kutoka kwetu Zonguldak, baada ya baba kufa. Mwanzo alikuwa anapiga kelele kutwa: chai ni mbaya, mvua ni mbaya, sisi ni wabaya. Mimi na mume wangu tukakubaliana tusimjibu, achoke. Akachoka. Akawa anakaa dirishani anatazama ukuta wa jirani. Wageni wakawa wanasema, mashallah, mama ametulia."

"Mkafanya nini?"

"Tukamleta shangazi yangu. Mama alikuwa hampendi tangu utotoni. Waligombana kila siku kwa miaka tisa, juu ya chumvi, juu ya mito, juu ya nani alikuwa mzuri zaidi wakiwa wasichana." Bi Akbulut aliinuka akishika kiuno. "Mama alinenepa kama pipa."

Ewald alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kanuni, "Wafugaji tunaweka kila sungura chumba chake."

"Na katika chumba cha pili alikuwamo nani?"

"Mwingine. Upande huu mwingine na upande huu mwingine. Kati yao ubao."

"Ubao mnene?"

Ewald alionyesha kwa kidole gumba na cha shahada. Ubao wa kawaida. Sungura akikuna upande mmoja, wa upande wa pili anasikia. Akilala ubavu ukutani, anasikia joto la mwenzake. Aliona banda lake lote, vyumba kumi na viwili, na jinsi asubuhi za baridi alivyowakuta wamelala wawili wawili, kila mmoja kwake, migongo imeelekeana kwenye ubao. Alidhani wanakwepa upepo.

"Basi mtafutie mwenzake," alisema Bi Akbulut.

"Lazima awe dume aliyehasiwa, aliyezoea watu, asiyepigana. Ninamjua mtu mmoja tu mwenye nao wa ukoo huu. Alfons Pieczek, kule Herne."

"Mwombe. Umeshajifunza, nilikuona."

"Hatusemeshani."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa. Kwenye maonyesho ya Recklinghausen. Buluu ya Vienna haitakiwi kuwa na nywele nyeupe, hata moja. Dume lake lilikuwa nazo. Alizing'oa asubuhi, kabla jaji hajafika, nyuma ya meza, kwa kibano cha nyusi za mkewe. Mimi nilimwona. Nikasema mbele ya watu. Akanyang'anywa kombe, na chama kikagawanyika, nusu kwake nusu kwangu, mpaka kikafa."

"Nywele ngapi?"

"Nne."

Bi Akbulut alifunga macho, akayafungua. "Na kweli alizing'oa?"

"Kweli kabisa. Nilikuwa na haki."

"Hongera," alisema Bi Akbulut. Aliweka ile ncha ya mkate juu ya kizimba. "Huu ni wa jana, umekauka vizuri. Umpe wakati hajaomba." Akashuka.

Ewald alitoa karatasi na kalamu yake ya wino. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili na ilianzia Recklinghausen. Aliisoma, ilikuwa barua nzuri, kila sentensi imesimama mahali pake, na hakuna mtu ambaye angeisoma na kumpa sungura. Akaichana. Ya pili ilianza kwa maneno "Licha ya yote yaliyotokea kati yetu". Akalitazama neno hilo, licha. Akaichana pia. Alikula viazi na soseji ya maini akiwa amesimama, akaosha sahani, akaketi tena. Sungura alikuwa ameingia katika lile boksi la zamani la kusafiria, lililotoka bandani na bado lilinuka banda, akajibana ubavu kwenye ukuta wake wa mbao.

Ya tatu ilikuwa fupi.

"Alfons,

Nina jike mmoja aliyebaki, wa ukoo wa lile dume nililokuuzia zamani. Ana miaka minne, mzima. Jino moja la juu lilipasuka ncha lakini linaota sawa. Niko naye jikoni, ghorofa ya pili, maana bustani imechukuliwa. Alikuwa anaguguna vyuma vya kizimba na mimi nikamwachisha kwa kutomjali. Ameacha. Sasa hamwiti mtu tena.

Ninakaa naye kutwa. Mimi simtoshi.

Nakuomba dume mmoja aliyehasiwa. Akiwa mzee si neno. Kama huna wa kunipa, basi nakuomba umchukue huyu, umweke pale wenzake walipo. Amua wewe lililo bora kwake, unawajua kama ninavyowajua mimi. Nitakubali.

Majirani wanamwita Bibi Msumeno.

Ewald"

Aliisoma mara moja tu, kwa kuogopa kuisahihisha. Sentensi ya kuchukuliwa ndiyo iliyomshika. Alfons alikuwa na banda zuri, lenye sungura wengi. Mtu yeyote mwenye akili angeamua hivyo. Angekuja na boksi, angesema neno moja au asiseme, na jikoni pangebaki zulia na matawi yaliyomenywa. Ewald alishika kalamu juu ya mstari huo. Kisha akaifunika kalamu kifuniko.

Alikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa ngumi kutoka kona hadi kona. Akaandika anwani, ambayo hakuhitaji kuitafuta. Akabandika stempu.

Ilikuwa saa saba na robo mchana. Alivaa viatu, vile vya ngozi vyenye soli ngumu, akashuka ngazi, na kila hatua ilisikika nyumba nzima. Kwenye ukumbi wa chini kigari cha mtoto wa Bi Stahmer kilikuwa kimeziba njia. Alipita ubavu, koti likisuguana na tangazo lake mwenyewe ukutani, akatoka kwenye mvua akiwa ameificha bahasha kifuani.

Kwenye kona, alisimama mbele ya sanduku la manjano la posta. Alisukuma bahasha nusu, akaishikilia, wino wa anwani ukaanza kupata matone. Kisha akaiachia, akasikia ikianguka juu ya barua za watu wengine.